Jinsi ya kupata upana wa msingi kutokana na udongo wenyewe

Msingi hauongezi nguvu ya ardhi. Kazi yake ni kupokea uzito unaoshuka kupitia ukuta mwembamba au nguzo, kisha kuutandaza juu ya eneo pana hadi kila mita ya mraba ya udongo ibebe kile inachokiweza. Sehemu hiyo pana ya chini ndiyo kitako cha msingi. Wengi huchimba upana uleule kila mahali kwa mazoea. Hapa tunaukokotoa.

Hatua ya 1: Soma udongo

Chimba mashimo ya majaribio kwenye pembe za jengo na moja katikati, yaende chini zaidi ya kina cha msingi. Chini ya kitako cha mraba, mkandamizo hupungua hadi takriban asilimia 10 ukifika kina cha mara mbili ya upana wake. Chini ya ukuta mrefu hufika mbali zaidi, kwa hiyo tabaka laini lililo mita moja chini ya zege bado litaubeba mzigo wako.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kisha bonyeza udongo wa mfinyanzi kwa vidole. Ukifinyangika kirahisi ni laini, nao hubeba chini ya kilonewtoni 75 kwa mita ya mraba (kilonewtoni moja ni karibu uzito wa kilo 100). Ukihitaji nguvu kuufinyanga, kadiria 75 hadi 150. Makadirio haya ni ya kuanzia tu. Jengo la ghorofa linahitaji vipimo vya maabara.

Mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua ni jambo jingine kabisa. Kupanua kitako hakuutibu. Shuka hadi pale unyevu haubadiliki, au uondoe wote.

Hatua ya 2: Jumlisha mzigo

Ukuta wa matofali wenye unene wa mita 0.23 na kimo cha mita 3 una takriban kilonewtoni 14 kwa kila mita ya urefu. Ongeza paa, sakafu zinazoegemea ukuta huo, watu, samani na uzito wa msingi wenyewe. Tuseme jumla ni kilonewtoni 60 kwa kila mita ya urefu.

Hatua ya 3: Gawanya

Udongo ukibeba kilonewtoni 100 kwa mita ya mraba, basi 60 ÷ 100 = mita 0.6, na huo ndio upana. Ukibeba 50, upana ni mita 1.2. Nyumba ni ileile, ila kitako kimekuwa maradufu.

Hatua ya 4: Pata unene

Zege lisilo na nondo lisiwe jembamba kuliko sehemu inayochomoza kando ya ukuta. Kwa upana wa 0.6, kila upande unachomoza milimita 185, kwa hiyo unene wa 200 unatosha. Kwa upana wa 1.2 utahitaji karibu milimita 500, na hapo ni busara kutumia nondo. Zilaze upande wa chini, maana kitako hujipinda kwenda juu pembeni na kuvutika chini.

Hatua ya 5: Zuia kutitia kusikolingana

Hapa ndipo majengo mengi huharibika. Nyumba ikititia milimita 20 kwa usawa, huenda usione lolote. Tofauti ya milimita 10 kati ya sehemu mbili zilizo mita 3 mbali inatosha kuanza kupasua ukuta. Mnara wa Pisa, ulioanza kujengwa mwaka 1173, uliinama kwa sababu udongo laini wa upande wa kusini ulititia zaidi. Kati ya 1999 na 2001 wahandisi waliupunguzia mwinamo kwa takriban nusu digrii, hasa kwa kutoa udongo kidogo kidogo upande wa kaskazini.

Kwa hiyo usiache nusu ya nyumba ikae juu ya udongo wa asili na nusu juu ya kifusi. Kwenye mteremko, chimba kwa ngazi, kila ngazi ikiwa tambarare, na vitako vya ngazi zinazofuatana vipandane.

Hatua ya 6: Mwaga

Mvua ikinyesha mtaroni, toa maji, kwangua tope hadi udongo mgumu, kisha weka zege jembamba la kusawazisha, milimita 50. Pandisha nondo juu ya biskuti za zege, yaani vipande vidogo vya kuziinua, za milimita 50. Mwaga kitako kwa mfululizo, shindilia, na ukiweke na unyevu kwa siku 7. Kabla ya kujaza kifusi, pima usawa wa pembe zote na uandike vipimo, upate cha kulinganisha ufa wa kwanza ukionekana.