Kuchonga nakshi kwa mikono yote miwili: namna ya kuuzoeza mkono wa pili

Nachonga nakshi za milango na masanduku hapa Mji wa Kale, Mombasa, na mimi ni mtu wa mkono wa kulia. Mlango wangu wa kwanza ulikuwa wa vipande viwili, waridi moja kila upande, mfaa, yaani ule mti wa kusimama, katikati. Nilipomaliza, kila waridi lilikuwa na petali mbili laini na mbili zilizochanika, nyuzi zimesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Nikaziba kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa. Mzee aliyenifunza akapitisha kidole mara moja tu. "Hapa wachonga, hapa wakwaruza," akasema. "Badili mkono."

Kabla ya kubadili, elewa kwa nini. Chora duara kwenye ubao ambao nyuzi zake zinakwenda juu na chini. Ili ukingo wa duara hilo utoke safi, patasi ianzie ubavuni, pale duara lilipo pana, iteremke kuelekea ncha ya juu au ya chini. Ukianzia nchani kurudi ubavuni, makali yanaingia chini ya nyuzi na kuzinyanyua. Basi duara moja lina robo nne, na mbili kati ya hizo huzichongi vizuri kwa mkono wa kulia mpaka ujikunje. Kisanduku unakigeuza tu. Lakini mwimo, yaani mti wa ubavuni mwa mlango, wa mvule wa futi saba ukishafungwa mezani hauendi popote.

Hatua ya 1: Anza na msasa. Zungushia msasa kwenye kibao kidogo, ushike kwa kushoto, ufuate nyuzi. Kazi hii haiharibiki kirahisi, na mkono unajifunza kukandamiza kwa kipimo kimoja. Fanya hivyo kwa wiki nzima. Nyumbani piga mswaki kwa kushoto, fungua kufuli kwa kushoto. Kuna wanaoshauri pia kula kwa kushoto. Hapa kwetu, jaribu uone: utajieleza kwa kila mtu aliyezunguka sinia, na wali utaisha hujamaliza maelezo.

Hatua ya 2: Penseli mbili. Piga mstari wa katikati kwenye ubao, kama mfaa. Shika penseli kila mkono, ziweke zote mbili kwenye mstari, kisha uchore jani kulia na jani kushoto kwa wakati mmoja. Utashangaa: mikono ikienda kinyume hivi, kama mtu na kioo chake, wa kushoto unamfuata mwenzake bila ubishi. Ukiuacha peke yake ndipo unapotetemeka.

Hatua ya 3: Patasi, bila nyundo. Hapa usiwe na haraka. Tafuta kipande cha mwembe ambacho hukihitaji. Kifunge kwa jiliwa au kramp, maana mkono mgeni ukishika patasi na mwingine ukishika ubao, siku moja utajichoma. Noa patasi mpaka inyoe vinyweleo vya mkononi. Patasi butu inataka nguvu, na mkono wa kushoto bado haujui kuizuia nguvu hiyo.

Mkono wa kushoto ushike mpini na kusukuma. Wa kulia ulale juu ya chuma, ubavu wa kiganja ukiegemea ubao, vidole vyote nyuma ya makali. Huo wa mbele ndio breki. Mimi nilidhani shida itakuwa kwa kushoto. Kumbe ilikuwa kwa kulia. Mkono huo umezoea kuongoza, na ukiambiwa uzuie tu, unavuta. Patasi inaruka mstari, inakata jani la jirani. Dawa yake niliyoiona ni kutoa maganda membamba sana, yale yanayojikunja kama ganda la kitunguu, hata kama robo moja inakula nusu saa. Sikiliza pia. Ukichonga vizuri mbao inatoa sauti ya kupasua kitambaa cha hariri. Ikianza kutatarika, simama, umekwenda kinyume cha nyuzi.

Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Bega likianza kupanda kuelekea sikio, umechoka, weka chini.

Hatua ya 4: Nyundo ya mti. Hii ije mwisho. Shika karibu na kichwa, piga polepole, macho yawe kwenye makali, si kwenye mpini. Utajigonga kidole gumba. Sote tumejigonga.

Misumeno ya umeme na grenda ziache zilivyo. Nyingi zimeundwa kwa mtu wa kulia: swichi, kinga na pale vumbi linapotokea. Na kama unaye mwanafunzi mashoto, usimlazimishe kugeuka. Mpange meza yake upande wa pili, taa itoke kuliani kwake ili kivuli cha mkono kisimfunike mstari. Yeye atauzoeza wa kulia kwa hatua hizi hizi.

Jambo jingine dogo: skrubu inayokataa kufunguka, ijaribu kwa kushoto. Mkono una nguvu zaidi unapozungusha kiganja kitazame juu, na kwa mkono wa kushoto huo ndio mzunguko wa kufungulia.

Kujipima, chonga waridi moja, robo mbili kwa kulia na mbili kwa kushoto. Usilipige msasa. Mpe mtu apitishe kidole amefumba macho, akuonyeshe palipokwaruza. Akiigusa robo ya kushoto, rudi kwenye hatua ya 3 na patasi nyembamba kuliko ile ya mwanzo. Mimi nilirudi mara nne.