Timu yako ya besiboli imepoteza msimu mzima: namna ya kupima matumaini kabla ya Machi

Msimu wa besiboli ya Marekani una mechi 162. Shabiki wa timu inayopoteza zaidi ya 100 kati ya hizo huwa amechoka hata kukasirika ifikapo Septemba. Halafu Novemba inaingia, tetesi za usajili zinaanza, na mtu yuleyule aliyeapa hatatazama tena anajikuta anapanga kikosi cha ubingwa kichwani. Mwongozo huu ni wa miezi hiyo ya katikati. Mifano mingi ni ya Chicago White Sox waliopoteza mechi 121 mwaka 2024, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu tangu 1901, na Colorado Rockies waliopoteza 119 mwaka uliofuata.

Kama umezoea soka, weka kwanza kando mambo mawili. Besiboli ya Marekani haina kushuka daraja, kwa hiyo klabu inaweza kuboronga miaka mitano mfululizo na bado ikabaki ligi kuu. Pia hakuna soko la kununua mchezaji kwa ada ya uhamisho kama huku kwetu. Wachezaji hubadilishwa kwa wachezaji, au hungojwa mpaka mikataba yao iishe. Ndiyo maana jibu la "si wanunue tu straika" halifanyi kazi.

Anza na kikokotoo, siyo na tetesi

Unahitaji namba mbili: pointi timu yako ilizofunga msimu mzima na pointi ilizofungwa. Zipo kwenye jedwali la msimamo. Zidisha ya kwanza kwa yenyewe, kisha ya pili kwa yenyewe. Jumlisha majibu hayo mawili. Chukua jibu la kwanza uligawe kwa jumla hiyo, halafu zidisha kwa 162. Utapata idadi ya ushindi ambayo timu ya kiwango hicho huwa inapata.

White Sox wa 2024 walifunga 507, wakafungwa 813. 507 mara 507 ni 257,049. 813 mara 813 ni 660,969. Jumla ni 918,018. Gawa, unapata 0.28. Mara 162 ni ushindi 45. Wao walishinda 41. Kwa hiyo bahati mbaya iliwanyima mechi nne hivi. Zilizobaki ni ubovu wao wenyewe. Rockies wa 2025 walifunga 597 na kufungwa 1,021: hesabu inatoa 41, wao walishinda 43. Yaani hata zile 43 walipendelewa.

Tofauti ikizidi tano au sita chini ya hesabu, una sababu halali ya kutarajia nafuu bila usajili wowote, kwa kuwa mechi za kupoteza kwa pointi moja huwa hazijirudii kwa wingi uleule. Ikiwa tofauti ni ndogo, usimtupie lawama zote kocha. Kibarua cha Pedro Grifol pale White Sox kiliota nyasi Agosti 8, 2024 akiwa na ushindi 28 na vipigo 89. Aliyemshikia nafasi, Grady Sizemore, alimaliza na 13 kwa 32. Kocha alibadilika, timu ikabaki ileile.

Kosa la kawaida hapa ni kupiga hesabu kwa mwezi mmoja mzuri, hasa Septemba, ambapo timu nyingi zinajaribu vijana na wapinzani wameshawapumzisha wakongwe. Tumia msimu mzima.

Kuna namba nyingine ya kukumbuka: 48. Wachambuzi hukadiria kuwa timu iliyojazwa wachezaji wa kuokotaokota, wale wanaopatikana kwa mshahara wa chini kabisa, ingeshinda mechi kama 48. Timu iliyo chini ya hapo ina faida ya ajabu: ikiwaondoa tu wale wabovu kupindukia na kuweka wa kawaida, inapanda. White Sox walitoka ushindi 41 hadi 60 mwaka 2025 bila kusajili nyota yeyote mkubwa. Usipumbazwe na mruko wa namna hiyo. Kutoka 41 kwenda 60 ni rahisi; kutoka 60 kwenda 85 ndiko kunakogharimu pesa, vipaji na miaka. Kanuni ya haraka: pointi 10 za ziada kwa msimu, ama kwa kufunga au kwa kuzuia, ni sawa na ushindi mmoja. Usajili utakaokuongezea pointi 30 ni ushindi tatu, basi.

Gawa kikosi kwa miaka iliyobaki

Chukua karatasi, chora safu tatu: wanaobaki miaka mitatu au zaidi, wenye mwaka mmoja au miwili, na wanaoondoka sasa. Ili ujue nani aende wapi, angalia muda wake wa utumishi ligi kuu. Siku 172 kwenye kikosi huhesabiwa mwaka mmoja. Kabla ya miaka mitatu, klabu ndiyo inayopanga mshahara, na kima cha chini kilikuwa dola 760,000 mwaka 2025 na 780,000 kwa 2026. Kati ya mwaka wa tatu na wa sita mchezaji anaingia usuluhishi: akishindwa kuelewana na klabu, kila upande unataja kiasi chake na jopo linachagua kimoja, bila kugawanya katikati. Akitimiza miaka sita na mkataba ukawa umeisha, yuko huru.

Safu ya katikati ndiyo itakayokuuma. Mchezaji mzuri mwenye miaka miwili iliyobaki ndani ya timu mbovu ni bidhaa, kwa sababu timu ikija kuwa nzuri yeye atakuwa ameshaondoka. Garrett Crochet, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) bora wa White Sox, alikuwa na miaka miwili hasa alipopelekwa Boston Desemba 2024 kwa vijana wanne: Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman Gonzalez. Mwaka uliofuata alishinda mechi 18 akiwa na Boston. Shabiki anayetazama hilo tu anaona wizi. Pima biashara ya aina hii kwa maswali matatu: wangapi kati ya waliokuja wamefika ngazi mbili za juu za ligi ndogo (timu za kukuzia wachezaji), wangapi wanacheza nafasi ngumu kama mdakaji (anayepokea mipira ya mrushaji) au mlinzi wa katikati, na kila mmoja atabaki miaka mingapi. Teel ni mdakaji, naye na Meidroth walianza kucheza ligi kuu 2025 hiyohiyo. Hapo kuna kitu. Biashara inayoleta vijana watatu wa miaka 18, wote warushaji, ni kamari, maana mikono ya warushaji wachanga huvunja mioyo ya watu.

Ukiona kijana aliyewaka mazoezini Machi anarudishwa ligi ndogo hadi katikati ya Aprili, usishangae. Msimu una siku 187 hivi. Akikosa kama 16, hafikishi 172, na klabu inajipatia mwaka mzima wa ziada wa kukaa naye.

Kalenda ya kubandika ukutani

Marekani ya mashariki iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 8 kuanzia Novemba hadi Machi, na saa 7 majira mengine. Tangazo la saa 11 jioni New York huku ni saa 7 usiku, tarehe imeshabadilika. Usikeshe, soma asubuhi.

Mapema Novemba, fainali zikiisha, waliomaliza mikataba wanakuwa huru. Katikati ya Novemba klabu lazima iamue vijana gani inaingiza kwenye orodha ya wachezaji 40 ili wasichukuliwe. Siku chache baadaye inaamua nani haimpi ofa kabisa. Hapo ndipo timu maskini huokota watu. Desemba ni mikutano ya majira ya baridi, yenye bahati nasibu ya drafti (zamu za klabu kuchagua vijana wapya) na drafti ya Kanuni ya 5. Januari ni usuluhishi wa mishahara. Katikati ya Februari warushaji na wadakaji wanaripoti kambini Arizona au Florida.

Wengi huipuuza drafti ya Kanuni ya 5, na kwa timu ya mkiani ni kosa. Klabu inamchukua kijana wa timu nyingine aliyeachwa nje ya orodha ya 40 kwa dola 100,000. Sharti ni kwamba akae kikosi cha ligi kuu msimu mzima, la sivyo atolewe na kurudishiwa wenyewe wakitaka kwa dola 50,000. Timu inayowania ubingwa haina nafasi ya kumfuga mtu kama huyo benchi. Timu yako inayo. White Sox walichagua wa kwanza Desemba 2024, wakamchukua mrushaji Shane Smith kutoka Milwaukee. Julai 2025 alikuwa kwenye mechi ya nyota wote. Wengi wanaochukuliwa kwa njia hii hawafiki popote, lakini kwa bei hiyo ni bora ujaribu.

Usiiwekee drafti dhamana

Tangu bahati nasibu ilipoanza Desemba 2022, kuwa wa mwisho hakukupi chaguo la kwanza moja kwa moja. Timu tatu mbovu kuliko zote hupewa nafasi ya asilimia 16.5 kila moja. Kuna na kigingi: klabu inayochangia mfuko wa kugawana mapato haiwezi kupata chaguo la bahati nasibu miaka miwili mfululizo, na inayopokea haiwezi mitatu mfululizo. White Sox walipoteza mechi 121 wakaangukia chaguo la 10 mwaka 2025. Rockies wakapoteza 119, nao wakasukumwa hadi la 10 kwa 2026, huku White Sox wakilipata la kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuombea vipigo vya Septemba, angalia timu yako ilichagua nafasi gani miaka miwili iliyopita.

Hata chaguo likitoka vizuri, punguza kasi. Pittsburgh Pirates walimchagua Paul Skenes wa kwanza Julai 2023, na Mei 2024 alikuwa tayari ligi kuu, mwendo wa kipekee. Mwaka 2025 alitwaa tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake. Pirates walimaliza na ushindi 71. Mrushaji anayeanza hucheza kila baada ya siku tano au sita. Skenes alianza mechi 32, nyingine 130 zilikuwa za wenzake.

Namna ya kusoma tetesi

"Wanamfuatilia" na "wameulizia" hazina uzito: wakala hutaja jina la timu yako ili timu nyingine ipandishe dau. Anza kuamini pale idadi ya miaka na kiasi vinapotajwa pamoja, na hata hapo subiri vipimo vya afya. Majira ya baridi ya 2022, Carlos Correa alikubaliana na San Francisco Giants kwa dola milioni 350, kisha New York Mets kwa milioni 315; zote zilikwama kwa sababu ya kifundo cha mguu, na Januari 2023 akasaini Minnesota Twins kwa milioni 200. Aliyenunua jezi Desemba alijitia hasara.

Sajili zenyewe zipime kwa umri utakaofikiwa mwaka wa mwisho wa mkataba. Pesa za mikataba hii hulipwa hata mchezaji akiumia. Rockies walimsajili Kris Bryant Machi 2022 kwa miaka saba, dola milioni 182. Katika misimu minne ya kwanza alicheza mechi 170 kati ya 648. Timu mbovu inanufaika zaidi na mkongwe wa mkataba wa mwaka mmoja: akicheza vizuri anabadilishwa kwa vijana kabla ya dirisha kufungwa mwishoni mwa Julai au mapema Agosti, akishindwa anaondoka.

Machi hudanganya

Matokeo ya mechi za mazoezi yapuuze kabisa. Nyota hutoka mapema, nusu ya pili ni ya vijana wa ligi ndogo, na mrushaji anaweza kurusha mpira mpya anaojifunza tu, bila kujali anapigwaje. Angalia mambo mawili: kasi ya mipira ya warushaji ukilinganisha na mwaka jana, na afya. Mrushaji aliyepungua maili mbili kwa saa Machi huenda ana tatizo, hata kama hajafungwa pointi.

Msimu ukianza, usipige hesabu ya pointi kabla ya mechi 40. Ukifika hapo, rudia ile ya mwanzo na ulinganishe na mwaka jana, kisha uirudie mwishoni mwa Juni. Muda wa kusubiri hautabiriki. Detroit Tigers walipoteza 119 mwaka 2003 na 2006 wakacheza fainali. Baltimore Orioles walipoteza 115 mwaka 2018, wakapoteza 110 tena 2021, wakashinda 101 mwaka 2023. Pirates walikuwa na misimu 20 mfululizo ya kupoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, 1993 hadi 2012.

Na ukipanga mambo ya mbele, weka alama Desemba 1, 2026. Siku hiyo makubaliano kati ya wamiliki na chama cha wachezaji yanaisha. Mara ya mwisho yalipoisha, Desemba 2021, wamiliki waliwafungia wachezaji nje hadi Machi 10, 2022, na usajili wa ligi kuu ukasimama kwa muda wote huo.