Kabla Hujachomwa Sindano ya Goti: Uliza Kilichomo Ndani ya Bomba

Mtu akilalamikia magoti mtaani kwetu, hata hajamaliza sentensi ameshapewa jina la ugonjwa: "Ute umeisha." Baada ya hapo hufuata dawa. Kuna maji ya bamia yaliyolala usiku kucha, kuna supu ya makongoro, na siku hizi, kwa mwenye uwezo, kuna "sindano ya damu yako mwenyewe, inaotesha gegedu upya," gegedu likiwa ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Bamia sina ugomvi nayo, ni mboga nzuri. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike, maana ni sindano kweli, inakula fedha nyingi, na wengi wanaopanda kitandani kuchomwa hawajui kilichomo ndani ya bomba.

Bomba ni lile lile, lakini linaweza kubeba vitu tofauti kabisa. Kinachosemwa zaidi ni PRP. Unatolewa damu mkononi, kwa kawaida mililita 15 hadi 60 kutegemea vifaa, inazungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi chembe nyekundu zizame chini. Yale maji ya manjano yanayobaki juu, yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu ukijikata, yanavutwa na kuchomwa gotini au kwenye kano inayouma. Chembe sahani hubeba protini zinazoamsha uponyaji, na wazo zima la tiba hii limesimama hapo. Kuna prolotherapia, ambayo ukiondoa jina ni maji ya sukari: dekstrozi, mara nyingi ya asilimia 12.5 hadi 25, tiba iliyopewa jina na daktari Mmarekani George Hackett miaka ya 1950. Kisha kuna zinazoitwa seli shina, seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Hizi huweza kutolewa kwenye uboho au mafuta yako, au zikaja ndani ya kichupa zikiwa zimetoka kwenye kitovu cha mtoto usiyemjua.

Nyingine mbili hazidai hata kuhuisha kitu, ila huuzwa kwenye kaunta moja na hizo. Steroidi huzima uvimbe kwa wiki kadhaa. Asidi ya hailuroniki ni ute wa kutengenezwa, na baadhi ya chapa zake hutokana na undu wa jogoo, kwa hiyo mwenye mzio wa kuku au mayai aseme mapema.

Basi jambo la kwanza ni kuomba uandikiwe: kitu gani kitachomwa, kiasi gani, kimetoka wapi. Daktari anayejua kazi yake haoni tabu kuandika mistari mitatu. Akikujibu tu kwamba ni "tiba ya kisasa", shukuru, chukua mkoba wako, nenda ukafikirie nyumbani. Hili si jambo la kujaza fomu tu. Mwaka 2018 huko Marekani wagonjwa wasiopungua 12 walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu, wengine wakiwa wametafuta tu nafuu ya mgongo na viungo. Bidhaa zile hazikuwa na idhini. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa maumivu ya viungo, ila matangazo yanaendelea kama kawaida.

Halafu uliza ushahidi, tena kwa kiungo chako, si kwa goti la mcheza tenisi Rafael Nadal. Ni kweli Nadal aliwahi kuchomwa PRP magotini, lakini Nadal alikuwa na timu nzima ya kumsimamia na mwili wa kijana. Kwa goti la mtu wa makamo, Australia walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2021: watu 288 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, nusu PRP, nusu maji ya chumvi, sindano tatu kwa wiki tatu. Baada ya miezi 12 maumivu ya makundi mawili hayakutofautiana kwa maana, na gegedu halikuonyesha kunufaika. Mwaka huo huo Uingereza walijaribu PRP kwa watu 240 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino, wakailinganisha na sindano ya uongo, na miezi sita baadaye tofauti haikuonekana.

Watetezi wa PRP wana hoja pia. Walisema dozi ya chembe sahani ya Australia ilikuwa hafifu, na yapo majaribio mengine ambapo goti lililoanza kuchakaa lilipata nafuu kwa PRP kuliko kwa ute wa kutengenezwa. Prolotherapia nayo ilifanya vizuri kuliko maji ya chumvi kwenye jaribio dogo la watu 90 lililochapishwa Marekani mwaka 2013. Kwa hiyo sisemi ni utapeli. Nasema wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata, na kinachoahidiwa kwa uaminifu ni nafuu ya maumivu. Anayekuahidi gegedu jipya ameshavuka mpaka, na pengine anajua amevuka.

Turudi kwenye "ute umeisha". Goti lililovimba mara nyingi lina ute mwingi kupita kiasi, ndiyo maana daktari huweza kuvuta maji yakajaa bomba. Kinachouma huwa ni mambo mengine: gegedu limechakaa, utando wa ndani umewaka, misuli ya paja imelegea. Mara nyingine tatizo hata haliko gotini. Nyonga mbovu hupeleka maumivu gotini, na mtu akachomwa mahali pasipo na kosa. Kwa hiyo usikubali sindano kabla ya kupimwa kwa mikono na macho, ukatembezwa, ukachuchumazwa, na kupiga eksirei ukiwa umesimama. Ya kulala huficha nafasi iliyokwisha kati ya mifupa. Madaktari huupanga uchakavu kuanzia 0 hadi 4. Ukiwa kwenye 4, mfupa juu ya mfupa, sindano hizi hazina cha kuhuisha, na mazungumzo ya maana ni ya upasuaji. Kwa kano, altrasaundi inatosha mara nyingi, na ni vema itumike pia wakati wa kuchoma ili sindano isikisie.

Kwetu kuna maswali mengine ambayo kitabu cha ng'ambo hakiyatilii mkazo. Kijana mwenye selimundu anayeumwa nyonga au bega huenda kichwa cha mfupa kimeanza kufa kwa kukosa damu. Huyo aende kwa daktari wa mifupa, asianzie kwenye kliniki ya sindano. Kifua kikuu hushuka kwenye goti na uti wa mgongo polepole, bila kelele, na kinaweza kufanana na uzee. Jongo nalo huvimbisha kiungo usiku mmoja. Kiungo chenye joto na wekundu hakichomwi cha kuhuisha chochote hadi maji yake yamevutwa na kupimwa. Mwenye kisukari ajue kwamba steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na kwamba sukari isiyotulia huongeza hatari ya maambukizi kwa sindano yoyote. Saratani, ujauzito, chembe sahani chache: vyote hivi vitajwe kabla, hata kama hukuulizwa.

Sasa dawa, na hapa ndipo watu wengi huharibu PRP yao bila kujua. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa la mtaani huziuza kama karanga, huzuia kazi ya chembe sahani zile zile unazolipia. Madaktari wengi hutaka uziache kwa wiki moja au zaidi kabla ya sindano na wiki kadhaa baada yake. Maumivu ya katikati yasimamiwe na parasetamoli. Aspirini huizimia chembe sahani kazi yake kwa maisha yake yote yaliyobaki, na chembe sahani huishi siku 7 hadi 10. Ila sikiliza vizuri: kama aspirini au warfarini umepewa kwa ajili ya moyo, kiharusi au damu kuganda, usiiache kwa sababu umesoma mahali, hata hapa. Daktari wako wa moyo ndiye wa kusema. Goti linaweza kusubiri.

Na ile "dawa ya asili" ya viungo inayofanya kazi ndani ya saa moja? Itaje pia. Mwaka 2022 FDA ilionya kuhusu vidonge vinavyouzwa kwa jina la Artri King: ndani yake zilikutwa diklofenaki na deksamethasoni, ambazo hazikuandikwa kwenye boksi. Mtu ameitumia miezi sita akidhani ni mizizi, kumbe anakula steroidi, na steroidi ya muda mrefu haiachwi ghafla.

Mahali pa kuchomwa pakague kama unavyokagua nyumba ya kupanga. Daktari awe na usajili unaothibitika, kwa Tanzania kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa Kenya kwenye KMPDC, baraza la madaktari la huko. Tyubu za kuzungushia damu ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya damu inayorudishwa mwilini, kwani tyubu ya kawaida ya maabara ni ya kupimia tu. Jina lako libandikwe kwenye tyubu ukiona kwa macho yako, kabla damu haijaondoka mbele yako. Nasisitiza hili kwa sababu ya jambo lililotokea Albuquerque, Marekani. Kulikuwa na saluni isiyo na leseni iliyokuwa ikipaka watu PRP usoni, ikirudia vifaa na kuacha tyubu za damu bila majina. Mwaka 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo kilichapisha taarifa ya wateja walioambukizwa VVU humo. Damu ilikuwa "yako mwenyewe" kwenye tangazo tu.

Wakimbiaji wanaosoma hili, wa Iten na wa Arusha, wana orodha yao ya ziada. PRP iliondolewa mwaka 2011 kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, kwa hiyo yenyewe hairuhusu mtu kukuita mdanganyifu. Lakini tangu Januari 2022 steroidi kwa njia yoyote ya sindano imepigwa marufuku wakati wa mashindano, hata ile ya kwenye kiungo. Kocha akisema "ni sindano ile ile tu", rudi kwenye swali la mwanzo, na uweke karatasi ya jibu.

Kuhusu fedha nitasema machache. Uliza bei ya kozi nzima badala ya sindano moja, maana wengi hupendekeza moja hadi tatu. Uliza bima kwa maandishi. Halafu tenga fungu la fiziotherapia kabla ya fungu la sindano. Kama fedha inatosha kimoja, chukua fiziotherapia. Sisemi hivyo kwa kupenda jasho la wengine. Kano hurudi kuwa imara kwa kubebeshwa mzigo unaoongezwa hatua kwa hatua, na goti hubebwa na paja. Kila kilo moja unayopunguza mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa hatua moja. Hakuna sindano yenye hesabu nzuri kama hiyo, na hiyo haitangazwi kwa sababu haina wa kuiuza.

Siku yenyewe kunywa maji ya kutosha, kula, vaa dera au bukta pana. Wengi hugandisha ngozi tu kwa ganzi, kwa hiyo tegemea kuuma, hasa kwenye kano. Usiende peke yako, na usirudi kwa bodaboda. Nyumbani panga mapema siku mbili tatu ambazo goti litauma kuliko kabla, maana PRP huanza kwa kuchokoza. Choo cha kuchuchumaa kitakuwa mtihani. Azima kiti cha choo. Anayeswali aandae kiti cha kuswalia. Na kama tarehe inaangukia Ramadhani na huna haraka, isogeze, maana kutolewa damu huku hujanywa maji tangu alfajiri ni kujitafutia kizunguzungu. Usipime matokeo wiki ya pili. Mpe mwili wiki 6 hadi 12, na uandike kwenye daftari leo hii, kabla ya sindano, ngazi ngapi unapanda na dakika ngapi unasimama jikoni, kwa sababu baada ya kulipa fedha nyingi kumbukumbu hupenda kuwa na adabu.

Kabla hujatoka kliniki chukua namba ya simu inayopokelewa usiku, si ya mapokezi. Maumivu ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Goti jekundu, la moto, linalozidi kuvimba kila saa, na homa juu yake, si jambo la kawaida hata kidogo. Usisubiri Jumatatu. Usianze kwa antibiotiki za duka la dawa pia, kwani zinaweza kumficha mdudu kabla hajajulikana ni yupi. Nenda hospitali usiku huo huo na ile karatasi yenye jina la kilichochomwa, wavute maji ya goti wayapime kwanza.