Kuuza santuri za zamani onlaini mkiwa wawili: anayenunua asiwe ndiye anayepima

Kama uko Nairobi unatafuta kapesa ka pembeni na una mtu mmoja unayemwamini, hebu nikuonyeshe venye mimi na mke wangu tunafanya na santuri. Zile ndogo za 45 (zinazunguka mara 45 kwa dakika) na LP kubwa ambazo wazee walikuwa wanacheza sebuleni, sai ziko kwa maboksi Gikomba na Toi, na Kenyatta Market kuna vibanda vya santuri kabisa.

Kabla hamjanunua hata moja gawaneni kazi. Mimi ndio naenda sokoni, yeye ndiye anapima hali na kuweka bei, na hapo hatubadilishani hata siku moja. Sababu ni kwamba aliyeinunua ashaipenda, amebishana na muuzaji kwa jua nusu saa, akifika nyumbani mikwaruzo haioni tena. Mke wangu anaiweka chini ya taa, anaigeuza polepole, anaandika VG mahali mimi ningeapa ni VG+. Hizo herufi za hali ya santuri jifunzeni wote wawili maana ndio mnunuzi anaangalia: M ni mpya haijaguswa, NM ni kama mpya, halafu VG+, VG (Very Good), na G (Good) ambayo isikudanganye, hiyo imechoka na inakwaruza. Mkibishana kati ya mbili andikeni ya chini. Mteja akipata kitu kizuri kuliko alivyosoma anarudi, akipata kibaya anataka pesa zake na posta mshalipa.

Sokoni ni kama nguo tu, kamera, yaani zile bora, hutoka asubuhi, ukifika saa sita unapata fagia, mabaki. Usikimbilie Jim Reeves na ABBA hata ziking'aa namna gani, mtu wa London anazo kila kona ya mtaa wake. Yeye anatafuta kilichotoka huku: benga ya Shirati Jazz, Simba Wanyika, Wakongo waliokuwa wanapigia hapa Nairobi kama Super Mazembe na Les Mangelepa, na bendi za Tanzania pia, maana santuri zao nyingi zilitolewa Nairobi, kwa hivyo usishangae kuipata bendi ya Dar kwa boksi la Gikomba. Kwa 45 nyingi wimbo ni mmoja umekatwa mara mbili, sehemu ya 1 upande huu, ya 2 upande ule, na mara nyingi gitaa linachangamka ule upande wa pili, sasa kagua pande zote. Pitisha kucha juu ya mkwaruzo, ukishika kucha kuna uwezekano sindano itaruka. Inua santuri usawa wa jicho uone kama jua limeipinda. Lebo ikiwa na jina la mtu kwa peni si mbaya, ila isemwe.

Bei tunaangalia Discogs, tovuti ya kuuza na kununua santuri. Tafuta namba iliyochorwa kwenye plastiki karibu na lebo, linganisha mpaka mjue ni toleo gani hasa, kisha tazameni imeuzwa pesa ngapi huko nyuma. Narudia, IMEUZWA, si bei mtu ameandika anatamani, kwa sababu kuna watu wameweka dola mia na hakuna aliyewahi kununua. Toeni pia makato ya tovuti, ambayo yanahesabiwa pamoja na pesa ya posta, makato ya PayPal, na ile kidogo inaenda mkihamisha kwa M-Pesa. Ukishatoa hayo yote ndio unajua kama ile mia tatu uliyolipa sokoni ilikuwa sawa.

Kuosha: maji safi yaliyochujwa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuata mistari ukizunguka, usikate katikati, na lebo isilowe. Ukipata zile nzito za zamani za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) weka spiriti mbali kabisa, inaziyeyusha, na ukiangusha moja imekwisha.

Kutuma nako tulilipia funzo. LP yetu ya kwanza kwenda Ujerumani tuliiacha ndani ya kava, ikawa inagonga njia nzima, ikafika imepasua kava juu na tukarudisha pesa zote. Sasa santuri inatoka kwenye kava, inalala nyuma yake ndani ya karatasi yake, katoni ngumu huku na huku, selotepu ya karatasi pembeni isicheze. Piga picha kabla ya kufunga. Namba ya kufuatilia ni lazima.

Kitu kingine, sokoni utaonyeshwa vitu vingine vya zamani. Pembe za ndovu usiguse, ni jela. Na kigango usinunue hata kwa bei ya bure, kile ni mti wa kuchongwa wa kumbukumbu ya mzee wa Wamijikenda aliyefariki, vingi vimeibwa vikaishia makumbusho za Marekani na familia bado zinavililia.

Pesa: daftari moja, laini moja ya M-Pesa ya biashara, haichanganywi na ya unga. Kila kitu kinaandikwa siku hiyo hiyo, bei ya kununua, nauli, posta. Mwisho wa mwezi mtaji unarudi kwanza, faida inakatwa nusu kwa nusu, hata kama mwezi huo mmoja alichoka zaidi, mwezi ujao atachoka mwingine. Na mkubaliane mapema kuhusu zile mnazotaka kubaki nazo, maana hapo ndio watu hukosana. Sisi kila santuri 10 mmoja wetu anaweza kuweka moja, lakini anailipia kwenye daftari bei ile ile iliyonunuliwa. Mimi niliweka benga moja ambayo babu yangu alikuwa anaipiga Jumapili. Yeye bado anatafuta yake.