Kudurusu fasihi, sarufi na msamiati wa Kiingereza kupitia hotuba moja ya Shakespeare

Mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza kwa kawaida huwa na madaftari matatu: la fasihi, lenye wahusika na dhamira, la sarufi, lenye kanuni na mifano ya kubuni, na la msamiati, lenye maneno yasiyohusiana. Hudurusu kila daftari peke yake, na akifika kwenye chumba cha mtihani huona kwamba dhamira anazijua lakini hana sentensi za kuzielezea. Ninapendekeza njia nyingine: chagua kurasa mbili au tatu za kitabu unachotahiniwa, uzisome mpaka uzizoee, kisha uchimbe humo humo mambo yote matatu.

Mfano wetu ni hotuba ya Antony mbele ya maiti ya rafiki yake Caesar, mtawala wa Roma aliyeuawa, katika sehemu ya tatu, onyesho la pili, la tamthilia ya Julius Caesar, inayoaminika kuwa iliandikwa mwaka 1599 na ambayo bado husomwa katika shule nyingi za sekondari za Marekani na Uingereza. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ya pekee, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia hii na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1963. Isome kwanza tafsiri hiyo ili uelewe nani anamuua nani na kwa nini, kisha uifunge kabisa kabla ya kufungua Kiingereza. Anayeviweka vitabu viwili ubavu kwa ubavu huishia kusoma kile kilicho rahisi. Kiingereza kisome kwa sauti, kwa sababu maneno haya yalitungwa yasemwe jukwaani, na mara nyingi sikio hushika maana ambayo jicho limeiruka.

Anza na fasihi. Brutus, mmoja wa wauaji, amemruhusu Antony ahutubie kwa sharti kwamba asiwalaumu waliomuua Caesar. Antony analitimiza sharti hilo kwa maneno, huku akilivunja kwa maana: anarudia mara kwa mara kwamba "Brutus is an honourable man", na kila anaporudia, sifa hiyo inazidi kuwa shutuma. Chukua penseli, na kila unapokutana na sentensi hiyo, simama uandike pembeni ushahidi uliotangulia. Utaona kwamba Caesar aliwaleta mateka Roma na fidia zao zikajaza hazina ya umma, kwamba aliwalilia maskini walipolia, na kwamba alikataa taji mara tatu. Hapo ndipo unapopata jibu la insha. Kuandika tu kwamba Antony anatumia kejeli na takriri ni kutaja jina la mbinu. Mtahini anataka kuona mstari wenyewe, jambo lililowekwa kabla yake, na jinsi umati unavyobadilika baada ya kuusikia. Linganisha pia na hotuba ya Brutus iliyotangulia, ambayo ni ya nathari, iliyopangwa kwa mantiki na isiyo na joto, ilhali Antony anazungumza kwa mashairi yenye mizani yasiyo na vina.

Ukishaielewa hotuba, rudi mwanzoni ukiwa na macho ya sarufi. Antony anasema: "The evil that men do lives after them." Wanafunzi wengi wangeandika "live", kwa kuwa wameliona "men" karibu na kitenzi. Kiima lakini ni "evil", nacho ni umoja. "That men do" ni kishazi rejeshi kilichoingia katikati. Nakili sentensi hiyo, kisha utunge nyingine tatu zenye umbo lilo hilo, ukiweka nomino ya wingi kati ya kiima na kitenzi. Kosa hili hupunguza alama katika insha nyingi kuliko linavyodhaniwa, na linastahili jioni nzima.

Mbele kidogo kuna mistari miwili yenye hazina zaidi: "If it were so, it was a grievous fault, / And grievously hath Caesar answer'd it." Hapo una sentensi ya masharti yenye "were" inayoacha shaka kama Caesar kweli alikuwa na kosa analotuhumiwa na Brutus, yaani uchu wa madaraka; una kivumishi "grievous" na kielezi chake "grievously" mstari unaofuata; na una "hath", umbo la zamani la "has". Iandike mistari hiyo kwa Kiingereza cha leo, kisha igeuze kuwa usemi wa taarifa.

Katika msamiati, yapange maneno katika mafungu matatu. La kwanza ni ya kale, kama "hath", "oft" na "thrice": yatambue, lakini usiyatumie kwenye insha yako. La pili ni yaliyo hai ingawa hayasikiki kila siku, kama "interred", "ransom" na "coffers": haya yatungie sentensi kuhusu mambo unayoyajua. La tatu ni yanayohitaji tahadhari. "Ambitious" leo mara nyingi ni sifa njema, na unaweza kumwita hivyo mgombea wa ukiranja bila kumtukana. Kinywani mwa Brutus ni tuhuma ya uchu wa madaraka unaotosha kumuua mtu.

Siku inayofuata, kabla ya kufungua kitabu, andika unachokumbuka, kisha usahihishe. Rudia baada ya wiki. Mkiwa wawili, mmoja awe Brutus na mwingine Antony, na anayesikiliza amsimamishe mwenzake kumwuliza maana ya neno.

Ukimaliza, jipime peke yako kwa onyesho linalofuata, ambalo ni fupi sana. Umati unamkamata mshairi Cinna, ambaye jina lake tu linafanana na la mmoja wa wauaji, na kumtaka ajibu maswali "directly", "briefly", "wisely" na "truly". Eleza kila kielezi kinafanya kazi gani katika sentensi, kisha uandike aya moja ukionyesha kwa nini watu wanaodai majibu ya hekima na ya kweli wanamrarua hata baada ya kujibiwa.