Kuchora safari ya Pandita Ramabai kwenye manila

Pandita Ramabai alikuwa msomi wa Kihindi aliyetetea wanawake. Mpe mwanafunzi wa Kisumu ramani ya dunia yenye Afrika katikati aichore safari yake, atamfikisha Ramabai San Francisco kisha akwame: safari inaendelea magharibi na karatasi imekwisha. Wengi huurudisha mstari juu ya Atlantiki. Hilo ni kosa kubwa, maana mama huyu aliizunguka dunia nzima. Dawa ni kuichora Bombay (Mumbai ya leo), alikoanzia na kumalizia safari, mara mbili, ukingo wa kulia na wa kushoto.

Chukua manila yenye urefu wa sentimita 80 au zaidi. Dukani huviringishwa, kwa hiyo ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha, la sivyo vipimo vitahama. Digrii moja ni milimita 2. Dunia nzima itachukua sentimita 72, zinazobaki ziwe pambizo kulia na kushoto. Piga ikweta sentimita 15 kutoka chini, kisha miraba ya sentimita 2 kwa penseli hafifu ikusaidie kuchora mabara.

Pima kwa sentimita kutoka Bombay ya kulia kwenda kushoto, halafu juu ya ikweta. Bombay yenyewe ni 0, juu 3.8. Suez 8.1, juu 6. London 14.6, juu 10.3. Philadelphia 29.6, juu 8. San Francisco 39, juu 7.6. Japani 58.6, juu 7. Hong Kong 63.8, juu 4.5. Bombay ya pili 72, juu 3.8. Tia na Kisumu: 7.6, juu ya ikweta yenyewe.

Mstari wa 1883, wa Bombay hadi London, usiuzungushe Afrika Kusini. Mfereji wa Suez ulikuwa wazi tangu 1869, na meli za mvuke zilipita huko. Bahari iwe buluu, nchi kavu ya Marekani nyekundu.

Wantage, alikobatizwa 1883, na Cheltenham, alikofundisha, ziko milimita chache tu kutoka London. Usizibananishe, ziandikie kisanduku pembeni. Boston nayo hivyo hivyo, ilikoundwa 1887 jumuiya ya kuchangia shule aliyokusudia kuanzisha. Philadelphia andika Machi 1886: alihudhuria mahafali ya jamaa yake Anandibai Joshi, aliyehitimu udaktari. Visanduku hivi visiachwe, kwa kuwa Ramabai hakuwa mpita njia. Uingereza pekee alikaa karibu miaka 3.

Kisanduku kikubwa kuliko vyote kiwe cha Bombay ya kushoto: 11 Machi 1889, Sharada Sadan, shule na makazi ya wajane. Mwisho kata pambizo la kushoto hadi kwenye mstari wa Bombay, viringisha manila picha ikiwa nje, gundisha ukingo huo juu ya pambizo la kulia. Bombay mbili zitakuwa moja.