Kupima DNA ya asili ukiwa Mtwara au Lindi, fanya hivi kabla hujatema mate

Kabla hujatoa hela kaa na bibi au mjomba, andika majina ya ukoo, vijiji, nani alivuka Ruvuma, maana Wamakonde na Wayao kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama na hayo kipimo hakikwambii. Chenyewe kinatoa asilimia za maeneo mapana tu, usitegemee kikuandikie Newala. Uhondo upo kwenye kukuunganisha na ndugu waliopima, na balaa lipo hapohapo, unaweza kukuta mzee ana mtoto nyumba nzima haimjui 😅 kwahiyo waambie wenzako kabla, DNA yako ni yao pia.

Kujisajili kwenye tovuti ya kampuni inayopima: imeili mpya, nywila ambayo huitumii kwingine, washa uthibitisho wa hatua mbili. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima DNA kwa mate, kwa nywila zilizovuja kwingine, wakachota taarifa za watu karibu milioni 7 kupitia hiyohiyo sehemu ya kutafuta ndugu, na 2025 kampuni ikaomba kufilisika, sasa jiulize data inabaki kwa nani. Kiboksi cha kukubali DNA yako itumike kwenye utafiti usikitiki kama hujasoma.

Siku ya mate usile, usinywe, usivute sigara nusu saa kabla. Majibu yakitoka pakua, kisha omba wafute data na pia waharibu sampuli, utaje vyote viwili.

Kama shida yako ni baba wa mtoto, achana na hivi vya mtandaoni, hilo ni la Mkemia Mkuu wa Serikali, lina sheria yake ya 2009.